Wenzangu wamenunua hisa, mimi nimebaki

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, Malindi. Wenzangu watatu walinunua hisa mwaka jana na sasa zimepanda maradufu. Kila mapumziko ya chai wanafungua simu kutazama bei, mimi nanyamaza. Nimechukua fomu ya Sacco niombe mkopo wa sh 300,000 nami ninunue kabla hazijapanda zaidi. Mume wangu hajui. Usingizi sipati. Nifanyeje?*
*Niliyeachwa nyuma*

Marahaba, mwanangu. Usiijaze hiyo fomu.

Nakuelewa, kwa sababu na mimi nilifuga kware wakati Kenya nzima ilikuwa ikifuga kware. Jirani alinieleza bei ya yai moja, nikaona nikichelewa hata wiki nimejinyima riziki. Nikatengenezesha vizimba, nikatafuta kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, maana kware ni ndege wa mwituni. Miezi michache baadaye trei za mayai zilijaa jikoni hadi juu ya friji, mnunuzi hakuna. Ndipo nikatambua kwamba wateja wetu wakubwa walikuwa watu kama mimi, wanaoanza kufuga. Walipokwisha wa kuanza, soko nalo likaisha.

Hisa si kware, najua. Kampuni ina mali yake na biashara yake. Lakini tazama habari ilivyokufikia. Hisa hizo hukuzisikia zikiwa rahisi; umezisikia kwa sababu zimeshapanda. Faida wanayoihesabu wenzako ni ya bei waliyonunulia wao, si ya bei ya leo. Na aliyepata hasara hafungui simu mbele ya watu.

Mkopo ndio unaonitia hofu zaidi. Mwaka 2008 hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa sh 5, wengi walikopa ili wanunue. Zilipoingia sokoni Juni bei ilipita sh 7, na kabla mwaka haujatimia ilikuwa chini ya sh 3. Hisa zenyewe hazikuwa mbaya, kwani 2021 zilipita sh 40. Mwenye pesa zake aliweza kungoja. Aliyekopa alidaiwa kila mwisho wa mwezi, akauza kwa hasara. Wewe nawe utakatwa mshahara, bei iwe juu au chini, na pengine wadhamini wako watakuwa haohao unaokunywa nao chai.

Kampuni hiyo inauza nini? Mwaka jana ilipata faida? Ililipa gawio, yaani iliwagawia wenye hisa sehemu ya faida? Kama jibu ulilonalo ni "wenzangu wamenunua" tu, bado. Ukishayajua na moyo ungali unazitaka, fungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa zako, kwa wakala wa hisa, ununue kidogo kidogo kwa pesa ambayo hata ikipotea watoto watakula na karo italipwa. Soko hufunguliwa kila siku ya kazi, na mwezi ujao litakuwapo.

Baba watoto mwambie leo. Nadhani siri hiyo ndiyo inayokunyima usingizi kuliko bei ya hisa. Mwonyeshe hiyo fomu ikiwa bado haijajazwa.