Bacolor: mbona milango ya kanisa ni mifupi vile?

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa la San Guillermo pale Bacolor, jimbo la Pampanga, Ufilipino, lina milango mifupi. Zamani yale yalikuwa madirisha. Karibu nusu ya kanisa, kama mita 6, imo ardhini.

Volkano ya Pinatubo ililipuka Juni 15, 1991, ila pigo kubwa kwa Bacolor lilikuja Oktoba 1, 1995. Majivu na mchanga vilibaki vimelundikana mlimani. Mvua kubwa ikinyesha, vinashuka kwa Mto Pasig-Potrero vikiwa tope zito kama zege bichi. Siku ile kitongoji cha Cabalantian kilifunikwa hadi mapaa. Tope hilo likitulia, maji hujichuja na linaganda, kwa hiyo kulizoa mji mzima haiwezekani. Wenyeji waliifukua altare kuu ya mbao, wakaipandisha juu ya sakafu mpya, chini ya kuba ili ienee. Kazi ya kuheshimiwa kweli!

Na mji huu una uzito wake: Waingereza walipoiteka Manila mwaka 1762, Simón de Anda, afisa wa Kihispania, aliendesha serikali ya Wahispania, waliokuwa wakitawala Ufilipino, kutoka hapa Bacolor. Makao makuu ya jimbo, yaliyokuwa Bacolor, yalihamia mji wa San Fernando mwaka 1904.