Nacheza ili Nitulie, Lakini Naishia Kukesha

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, na kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wateja kwa simu kutwa nzima. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikicheza Stardew Valley, mchezo wa kulima shamba, kwenye Nintendo Switch yangu, kile kifaa cha michezo cha kushika mkononi, kabla ya kulala, nikiwa kitandani. Namwagilia mimea, nalisha kuku, nasikiliza muziki wake, na moyo wangu unatulia. Tatizo ni kwamba napanga nusu saa, kisha nashtukia ni saa saba usiku. Hata nikifumba macho bado naona safu za mimea. Mume wangu anasema nimekuwa mraibu na kwamba mtu mzima hachezi michezo ya watoto. Siku hizi nasubiri asinzie kwanza, ndipo nicheze chini ya shuka. Je, niache kabisa? – Mkulima wa Usiku*

Marahaba, mwanangu. Jibu lako nalitanguliza, maana naona jambo hili limekukosesha raha: usiache. Kinachotakiwa kubadilika ni namna unavyomaliza kucheza, mahali unapochezea, na hilo la kujificha chini ya shuka, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote uliyoniandikia.

Kwa nini mchezo huo unakutuliza, sioni ajabu. Mtu anayebebeshwa hasira za watu kuanzia asubuhi, huku utatuzi wa hasira hizo ukiwa mikononi mwa idara nyingine, lazima apumue anapofika mahali ambapo mbegu ikipandwa inaota, ikimwagiliwa inakua, na zile za kwanza kabisa anazopewa mchezaji hukomaa kwa siku 4 bila longolongo. Akili ambayo ingali inabishana na mteja wa mchana hupata kazi nyepesi ya kushika, na kazi nyepesi huondoa kero vizuri zaidi kuliko kulala chali gizani ukijilazimisha usifikiri chochote. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuaminishe kwamba utulivu unaoupata ni wa uongo.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa michezo hii ya upole hawalisemi sana. Watu hudhani kinachomnyima mchezaji usingizi ni makeke: risasi, mbio na kelele. Ni kweli michezo ya namna hiyo huamsha mwili, lakini ina heri moja, nayo ni kwamba mtu hushindwa. Akishindwa mara kadhaa huchoka, akasonya, akaweka kifaa pembeni. Mchezo mpole haumfukuzi mtu. Ni kama mgeni mwenye adabu asiyejua kuaga: humwonei sababu ya kumkasirikia, hakukwazi kwa lolote, na usiku unazidi kwenda. Kwa kuwa hauna mahali pa kushindwa, hauna pia mahali pa kukomea, na hapo ndipo unaponaswa wewe.

Utazame mchezo wako kwa makini uone ulivyoundwa. Siku moja ndani yake huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuishia saa nane usiku, nayo huchukua takriban dakika 14 za saa ya ukutani. Kwenye kifaa chako, mchezo hauhifadhi ulichofanya mpaka mhusika wako apande kitandani. Basi ukitaka kuacha wakati kule shambani ni saa nane mchana, unahofia kwamba kazi yote itapotea, unaamua kuvumilia hadi jioni. Ukimlaza, unaonyeshwa mapato ya siku, kisha kufumba na kufumbua kumekucha: mimea imekomaa, kuku wametaga, pengine kuna barua kwenye sanduku mlangoni. Ndipo unapojiambia, “Siku moja tu, halafu nalala.” Siku nne za namna hiyo ni karibu saa nzima. Kinachochekesha ni kwamba mhusika huyo huyo akifikisha saa nane usiku bila kulala, huanguka akazimia, na asubuhi yake huamka na nguvu pungufu. Wewe ndiye usiye na wa kukuzimisha.

Kwa sababu hiyo, kujiwekea nusu saa hakutakusaidia, kwani nusu saa hukukuta katikati ya siku ya shambani, na hakuna anayependa kuondoka katikati ya kazi. Jiwekee siku mbili za mchezo, basi. Ya pili ikiisha, mhusika wako ataamka akiwa ndani ya nyumba yake, na kila kitu kimeshahifadhiwa. Hapo bonyeza kitufe cha kuzimia kifaa kabla hujamtoa mlangoni. Ninasisitiza mlango kwa sababu ukishaona shamba lenye mavuno tayari, umekwisha. Na usingizi ukikujia mapema, siku ya mchezo ikiwa haijafika hata adhuhuri, usiupoteze kwa ajili ya kuhifadhi: kitufe hicho hicho hukilaza kifaa na mchezo ukasimama pale pale ulipo hadi utakapourudia, mradi usiufunge wala betri isiishe. Ukiona mkono wako hautii, ipo programu ya simu ya Nintendo ambayo imetengenezwa ili wazazi wawawekee watoto kikomo cha muda wa kucheza na kengele ya kulala. Hakuna sheria inayomkataza mtu mzima kujifanyia malezi hayo mwenyewe.

Chagua pia kazi za kufanya usiku. Kumwagilia, kupanga vitu kwenye masanduku na kutembelea majirani ni kazi za kulaza. Kuvua samaki si kazi ya kulaza, kwa sababu pale mtu hukaza vidole akiufukuza ule mchoro wa samaki unaopanda na kushuka, na migodini kuna majitu ya kupigana nayo. Hayo yangoje mchana wa siku usiyokwenda kazini. Kama unapenda kubadilisha, Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa kuishi kisiwani uliotoka mwaka 2020, hufuata saa halisi: kwako kukiwa usiku, kisiwani nako ni usiku, duka hufungwa saa nne, na muziki hubadilika saa hadi saa. Mchezo ambao wenyewe unakuonyesha kwamba saa zimekwenda una faida yake. Nisingekushauri ile michezo ya bure ya simu, hata ile yenye rangi laini na muziki wa taratibu, ikiwa inakugawia nafasi chache za kucheza, inazijaza tena baada ya muda, kisha inakutumia ujumbe urudi. Upole wake ni wa sura tu.

Kuhusu mwanga, nisiandike mengi, maana umesikia ya kutosha. Mwanga wa skrini, hasa wenye rangi ya buluu, huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Hata hivyo, tusikuze mambo. Katika utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2015, watu waliosoma kwenye kishikwambi chenye mwanga mkali kwa saa 4 kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Dakika 10 si bure, lakini si ndizo zinazokufikisha saa saba usiku. Punguza mwanga wa kioo, washa taa hafifu chumbani ili usikodolee macho kitu kimoja kinachong'aa gizani, na yaishe hapo.

Hizo safu za mimea unazoziona ukifumba macho zisikutie hofu. Mwaka 2000, Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliocheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka. Wengi wao walisema waliviona vipande hivyo walipokuwa wakisinzia, hata baadhi ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu ambao hawakukumbuka kabisa kuwa wamewahi kuucheza. Ubongo hupitia tena kilichoushughulisha. Iwapo picha hizo hazikusumbui, ziache zipite. Kama zinakusumbua, weka robo saa ya kitu kingine kati ya mchezo na mto, iwe ni kuoga, kupiga pasi nguo za kesho au kuzungumza na mwenzako.

Kitanda nacho tukiondoe kwenye shughuli hii. Tangu mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alipopendekeza kwamba mwenye shida ya usingizi atumie kitanda kwa kulala na kwa tendo la ndoa tu, na ainuke asipopata usingizi, wataalamu wameendelea kuufuata ushauri huo. Mwili hujifunza mahali. Ukiwa kila usiku unalima ukiwa umejilaza, mwili hujua kwamba pale ni pa kulima. Keti kwenye kiti, ucheze, uzime, ndipo uende kitandani ukiwa umemaliza.

Ama neno “mraibu”, mumeo amelitumia kwa wepesi mno. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uchezaji wa michezo hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, lakini limeuelezea kwa masharti: mtu ashindwe kujidhibiti, mchezo utangulie mbele ya mambo mengine ya maisha, aendelee nao licha ya madhara, na hali hiyo iharibu kazi, ndoa au masomo yake, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Kuchelewa kulala peke yake hakutoshi. Ila kujificha ni jambo la kuangalia, kwa kuwa mtu akianza kuficha ameshaanza kujihukumu. Na kama utapanga yote niliyokueleza, kisha ukaendelea kukosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi 3, hapo suala si mchezo tena; mwone daktari, umuulize kuhusu tiba ya kisaikolojia ya usingizi, ambayo ndiyo hupendekezwa kwanza kabla ya vidonge.

Mumeo anayo hoja moja ya haki: mwanga na mibofyo ya vitufe karibu na mto humkera anayelala, hata asiposema. Hiyo ya michezo ya watoto haina uzito, kwani Stardew Valley ulitengenezwa na mtu mzima, Eric Barone, aliyeushughulikia peke yake kwa miaka hadi ukatoka mwaka 2016, na watu wazima wanaoucheza hawahesabiki. Usimpinge kwa hoja hiyo, lakini. Mweleze mwenyewe, kabla hajakugundua, kwamba umekuwa ukicheza akiwa amelala, kisha umwambie utaratibu mpya: kiti, siku mbili, kuzima. Akiuliza raha yake iko wapi, mpe kidhibiti cha pili. Mchezo huo huchezwa hata na wawili kwenye skrini moja, na mkicheza hivyo siku ya shambani haiishi mpaka nyote wawili mpande kitandani. Ila hayo yafanyeni mwisho wa wiki, si usiku wa kuamkia kazi.