Maswali na majibu: Njia ya waya wa breki kwenye baiskeli ya mbio

Karibu barua zote za safari hii zimetoka kwa watu wanaojiundia baiskeli za mbio kutokana na fremu za mtumba. Kwa kuwa majina hutofautiana kutoka fundi hadi fundi, hapa "waya" ni ule uzi wa chuma unaovutwa na leva, na "kava" ni lile bomba lenye plastiki nje ambalo waya hupita ndani yake.

Nimebakiwa na kava la gia. Je, naweza kulitumia kwa breki ya mbele, maana kinachohitajika ni kipande kifupi tu? (Msomaji, Arusha)

Usithubutu, hata kama ni kipande cha shibiri moja. Kava la breki lina unene wa milimita 5, na ndani yake kuna chuma kilichosokotwa kama springi, ambacho hustahimili leva hata ikibanwa kwa nguvu zote. Kava la gia, ambalo kwa kawaida ni la milimita 4, limeundwa kwa nyuzi za chuma zilizolala sambamba kwa urefu wake na kushikiliwa na plastiki peke yake. Muundo huo hulizuia kubadilika urefu linapopindwa, jambo ambalo gia za hatua kwa hatua zinalihitaji, lakini mvuto wa breki unaweza kuzichomoza nyuzi hizo nje ya plastiki, na hilo hutokea pale unapobana kwa nguvu zaidi, yaani ukiwa mteremkoni. Nyaya zenyewe pia si sawa: wa breki ni milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni 1.1 au 1.2.

Nitajuaje urefu sahihi wa kava kabla sijalikata? (Msomaji, Morogoro)

Anza kwa kuamua kimo cha usukani na mahali pa leva, ukae juu ya baiskeli mpaka mikono iridhike, kwa sababu kava lililokatwa halirefuki. Mimi niliwahi kuyakata yote mawili jioni, asubuhi nikagundua kuwa usukani uko chini mno, na baada ya kuupandisha sentimita 2 nikalazimika kununua mengine. Ukishaamua, lilaze kava kwenye mfereji wa usukani, au kama hakuna mfereji, upande wa mbele au wa nyuma wa bomba kadiri kiganja chako kinavyopendelea. Lifunge kwa utepe wa mafundi umeme sehemu tatu au nne, kisha liache lishuke lenyewe hadi kwenye kalipa, yaani ile mikono miwili inayobana rimu. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Kava lisivutike, lisikunjike, wala lisiisogeze kalipa kutoka mahali pake. Likizidi urefu litachomoza mbele kama pembe na kuongeza msuguano bure. Ukiwa na shaka, bakiza sentimita moja, kwani kupunguza ni rahisi.

Ukataji nao una adabu yake. Tumia koleo maalumu la nyaya, kwa kuwa koleo la kawaida huliponda kava, na kabla ya kukata chomeka ndani kipande cha waya wa zamani ili tundu lisifumbe. Kisha sawazisha mdomo kwa tupa mpaka uwe bapa kabisa, na uifungue plastiki ya ndani kwa sindano nene. Hatua hii ya tupa wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na ya mbabaishaji: mdomo ulioinama hujisogeza ndani ya kikofia chake (kile kifuniko kidogo kinachovishwa mwisho wa kava) kila unapobana, breki ikawa laini mkononi kama sifongo, nawe ukailaumu kalipa isiyo na kosa.

Breki yangu ya mbele iko mkono wa kushoto, ya rafiki yangu iko kulia. Ipi ni sahihi? (Msomaji, Nairobi)

Zote mbili. Baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele kulia. Za Marekani na za sehemu kubwa ya bara la Ulaya huwa nayo kushoto. Kwa upande wa kava, itazame kalipa yenyewe. Nyingi za kisasa hupokea waya upande wa kulia wa mpanda baiskeli, kwa hiyo kava linalotoka leva ya kushoto hupita mbele ya shingo ya fremu kwa mpindo mpana, na linalotoka kulia hujipinda kwa ukali zaidi. Hata hivyo, kama una baiskeli nyingine nyumbani, zifanye zifanane, kwa kuwa wakati wa dharura mkono haufikiri.

Waya wa nyuma unagongagonga fremu na kava limechubua rangi. (Msomaji, Tanga)

Uvishe waya ulio wazi vipete viwili au vitatu vya mpira, na ubandike vipande vya plastiki angavu pale kava linapogusa shingo ya fremu. Kwa hewa ya chumvi ya huko, chagua waya wa chuma kisichoshika kutu.

Nilitazama mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025, nikaona baiskeli ambazo hazina waya hata mmoja nje. Nami naweza kuzificha nyaya zangu ndani ya fremu ya zamani ya chuma? (Msomaji, Mwanza)

Baiskeli za namna hiyo hutumia breki za diski zinazosukumwa na mafuta, pamoja na gia za umeme, na fremu zake hutengenezwa kiwandani zikiwa na njia za ndani. Mafuta hupita kwenye kona ambazo waya ungezisugua na kukwama. Usiitoboe fremu yako. Kuyaficha makava chini ya utepe unaozungushiwa usukani kunatosha.

Breki ya nyuma hairudi upesi tangu nilipofunga utepe. (Msomaji, Dodoma)

Legeza bolti ya waya kwenye kalipa, uuvute waya kwa mkono huku na huku. Ukiteleza vizuri, tatizo ni uchafu kwenye maegemeo ya kalipa, yaani pale mikono yake inapozungukia. Ukikwama, kagua pale kava linapotoka kwenye leva, kisha ule mpindo wa mwisho juu ya gurudumu la nyuma, ambao mara nyingi hukatwa mfupi mno. Ukimaliza, bana leva kwa nguvu mara kumi ili vikofia vikae, uvute tena waya uliolegea, ukaze bolti kwa niutoni-mita 6 hadi 8, na ubakize sentimita 3 za waya zenye kikofia cha bati ili usifumuke.