Gololi Kumi na Nane za Phoenix ya Baba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, aliniandikia kwamba amenunua baiskeli kuukuu, kwamba gurudumu lake la nyuma linayumba na kukoroma, na kwamba anatamani kuitengeneza mwenyewe nyumbani ila anaogopa kuiharibu. Mdogo wangu, ujumbe wako ulinikuta nikiwa bado na grisi kwenye kucha, kwa sababu siku hiyohiyo nilikuwa nimefaulu, baada ya Jumamosi tatu za kujaribu na kushindwa, kunyoosha gurudumu la nyuma la Phoenix ya marehemu baba yangu. Kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Baba aliinunua baiskeli hiyo kwa fedha za pamba, tulipokuwa tukiishi Magu. Ni ile nyeusi, namba 28, yenye breki za vyuma, ambayo watoto wengi wa Usukumani tulijifunzia kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, maana kiti kilikuwa juu mno kwetu. Ilibeba magunia na ilibeba wagonjwa. Baba alipofariki niliileta kwangu Igoma, na miaka miwili iliyopita ikaanza kusaga kwa nyuma. Niliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja, naye akanihakikishia kwamba amebadilisha gololi zote, vile vijipira vya chuma ambavyo gurudumu huzungukia. Nililipa bila kuuliza neno.

Mlio ulirudi kabla mwezi haujaisha. Safari hii nilitandika gunia uani, nikaweka karai chini ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, nikaifungua mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Habu ya nyuma ya baiskeli ya aina hii hukaa gololi 18 za robo inchi, tisa kila upande. Upande mmoja nilikuta saba. Upande wa pili zilikuwa tisa, lakini nne kati yake zilikuwa ndogo, za gurudumu la mbele, ambazo haziwezi kubeba mzigo zikichanganywa na kubwa, kwa hiyo uzito wote ulikuwa umeangukia zile chache na koni, kile chuma cha kwenye ekseli ambacho gololi huzunguka juu yake, ilikuwa imechimbika vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Fedha niliisamehe zamani, lakini baiskeli ya baba ilirudishwa kwangu ikiwa mbovu zaidi, nami nikashukuru na kuondoka.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanzia. Nilinunua koni mpya na gololi mpya, nikaosha habu kwa mafuta ya taa hadi kitambaa kikatoka safi, nikapaka grisi nyingi na kuzipachika gololi moja moja kwa ncha ya kidole, zikanata zenyewe bila kuanguka. Kazi ngumu ni kukaza koni: ukiilegeza gurudumu linacheza, ukiikaza mno linasaga. Kipimo ninachokitumia ni hiki: inua gurudumu, lisukume kidogo, uliache. Likiwa sawa, uzito wa valvu pekee hulivuta taratibu hadi valvu inatulia chini, na ukilishika pembeni na kulitikisa halichezi hata kidogo. Mara ya kwanza nilipoiona valvu ikishuka yenyewe nilimwita mke wangu aje ashuhudie.

Sikufika hapo bila makosa. Jioni nzima nilipambana na pedali ya kushoto hadi spana ikateleza na kunichana kiganja, kwa sababu sikujua kwamba pedali hiyo ina nyuzi za kinyume: hulegea ukiizungusha kufuata mwendo wa mishale ya saa. Imetengenezwa hivyo makusudi ili isijifungue yenyewe unapoendesha. Ukikuta kitu kimegoma, ndugu yangu, usiongeze nguvu. Simama kwanza, ukiangalie.

Sasa kuhusu kuyumba kwa gurudumu lako. Geuza baiskeli miguu juu, shikilia chaki ikiegemea bomba la nyuma karibu na rimu, kisha zungusha gurudumu polepole. Chaki itaacha alama mahali rimu ilipopinda. Ikiwa imevutwa kushoto, kaza kidogo spoki za kulia za sehemu hiyo na ulegeze kidogo za kushoto, robo mzunguko tu kila mara, halafu zungusha tena. Mimi nilikosea kwa kugeuza mzunguko mzima kwa pupa, na Jumamosi mbili za kwanza nililiacha gurudumu likiwa bovu kuliko nilivyolikuta. Jumamosi ya tatu nilianza kuzipiga spoki kwa kucha, kama mtu anayepima uzi wa zeze, nikasikia wazi ile iliyolegea ikitoa sauti nzito kati ya wenzake. Zipige, uzisikilize. Za upande mmoja zinapaswa kukaribiana sauti.

Nawasihi vijana wenzangu mnaosoma haya, msiione kazi hii kuwa ya watu waliokosa kazi nyingine. Mtu aliyewahi kuifungua habu yake mwenyewe hadanganywi tena kuhusu habu, na huisikia baiskeli yake inapoanza kulalamika, mapema, kabla haijamwangusha. Uvumilivu ndio unaotakiwa, nami nasema tena: uvumilivu, robo mzunguko, kisha uvumilivu.

Jumapili niliiendesha hadi Kisesa na kurudi, na kwa nyuma sikusikia kitu isipokuwa friwili, lile gurudumu dogo la meno la nyuma linalovutwa na cheni. Kilichobaki ni cheni. Nimeipima kwa futi: pingili 24 zinapaswa kuwa inchi 12 kamili, na za kwangu zimezidi kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi, yaani zimekwisha. Jumamosi hii nashuka mjini kununua cheni mpya pamoja na friwili, kwa sababu meno yaliyolika na cheni ya zamani huiharibu mpya upesi. Ukipenda, lete ya kwako uani kwangu tuifungue pamoja, na uje na karai.