Tuliaga tunakwenda kujisomea

Novemba 2004 tulikuwa tumebakiza mtihani mmoja wa kidato cha nne, na tukajiona watu wazima. Wasichana watatu, wavulana wawili. Kila mmoja aliaga kwao kwamba analala kwa mwenzake wajisomee. Tukakodi baiskeli Ngamiani, pale Tanga mjini, tukashika barabara ya Horohoro hadi Amboni kwenye mapango, kilomita nane hivi kutoka mjini. Mapangoni hatukuingia, maana kule kuna watu na watu huuliza maswali. Tukafuata kijia vichakani mpaka karibu na mto Sigi.

Tulibeba mkate wa mofa, machungwa ya Muheza na kuku niliyemchomoa jikoni kwa mama. Sitaongeza uongo juu ya uongo: mpaka usiku unaingia ilikuwa raha tupu. Vijana hawatusikii kwa sababu tunawasimulia porini kama jehanamu, na wao wameshakwenda wakarudi wakicheka.

Saa mbili na robo Zuhura (si jina lake) alikwenda haja, miguu mitupu, bila tochi. Kifutu hana haraka ya kukukimbia kama nyoka wengine. Hulala tuli kwenye majani makavu, na rangi yake ndiyo hiyo hiyo ya majani, mpaka umkanyage. Tulisikia yowe moja tu.

Mmoja wetu akavua mkanda akamkaza chini ya goti. Zuhura hakustahimili, akaufungua mwenyewe papo hapo. Mwingine akatafuta wembe amchanje, bahati hakukuwa na wembe. Simu tulikuwa nayo, ya kaka yangu, nimeichukua bila kumwambia, na vocha ilikuwemo. Tukaanza kubishana nani apigiwe. "Baba ataniua." "Piga kwenu, mama yako ana huruma." Zuhura mwenyewe analia, "Msimwambie mama, msimwambie mama," huku mguu unaumuka kama donge la maandazi. Alikuwa amevaa kikuku cha fedha. Kwanza kilibana, kisha kikaanza kuzama, mwishowe nilimulika kwa kioo cha simu nikaona ngozi imekifunika nusu. Ndipo nilipotazama saa: nne kasoro robo. Saa moja na nusu tulikuwa tunamwogopa baba wa mtu.

Nikampigia shangazi yangu, muuguzi. Hakuuliza tumekwenda na nani wala kufanya nini. Aliuliza mko wapi na anapumua vipi. Akasema asitembee hata hatua moja, mguu usichezeshwe, na mtafute kitu mkate hicho kikuku. Tulikikata kwa koleo ya baiskeli. Tukamkalisha kwenye kariya, wawili wakimshikilia, mguu umefungwa kwa kanga kwenye kijiti, tukasukuma mpaka barabarani. Shangazi alikuwa ameshafika na pikapu ya jirani.

Hospitalini alipata dawa ya sumu ya nyoka. Mguu haukukatwa, lakini nyama ya kifundoni ilioza, na kovu analo hadi leo. Sumu ya kifutu hula nyama, na kila saa inayopita inazidi kula.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa huku umeshapanga safari: sitakwambia usiende, maana utakwenda. Mwachie mtu mmoja jina la mahali na saa ya kurudi. Si lazima awe mzazi. Kaka, shangazi, hata bibi wa jirani. Vaa viatu vya kufunika, shika tochi. Mtu akiumwa na nyoka, msimkaze kamba, msimchanje, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Mvueni pete na bangili mapema, atulie, apelekwe hospitali. Na msilale kwenye mchanga wa ukingoni wakati wa vuli. Sigi unatoka milima ya Amani, mvua ikinyesha huko juu maji huja usiku wakati ninyi mnahesabu nyota. Ukikosa mtu wa kumpigia, polisi ni 112, na siku hizi ipo 116 ya watoto, haikati salio.

Wazazi wenzangu, kwenu nina moja tu. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Nilimwambia: ukikwama, piga saa yoyote, nitakuja, na maswali yatasubiri asubuhi. Mwezi uliopita akanijaribu. Saa tano usiku, simu: "Mama, niko Raskazone, njoo unichukue." Kwangu alikuwa ameaga anakwenda kwa bibi yake. Nikajifunga kanga, nikachukua bajaji. Njia nzima sikufungua mdomo, na wallahi ilikuwa kazi. Shavu la ndani nililing'ata mpaka likatoa damu. Yeye alikuwa amekumbatia viatu mkononi, ananitazama kwa pembe ya jicho, anangojea nianze.