Pampu ya joto katika jengo la fleti 12: tuliyoyapitia Bremen

Dada uliyeuliza kama pampu ya joto inaweza kuchukua nafasi ya boila ya gesi katika jengo lenu la fleti 14 huko Ujerumani bila kung'oa radieta zote (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba kwa maji moto), jibu langu ni kwamba inawezekana. Jengo letu la Bremen, lililojengwa mwaka 1974, lilibadilishwa kabla ya majira ya baridi ya 2024, nami nilikuwa miongoni mwa wamiliki watatu waliochaguliwa kuisimamia kazi hiyo.

Kabla ya kuchagua mtambo wowote, chunguzeni maji yanayokwenda kwenye radieta zenu yana nyuzi ngapi. Pampu ya joto hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huvuta joto lililomo katika hewa ya nje na kuliingiza ndani, na kadiri maji yanavyotakiwa kuwa moto zaidi ndivyo kompresa inavyokula umeme mwingi. Kwa kuwa hapa uniti moja ya umeme hugharimu takriban mara tatu ya uniti ya gesi, pampu inayotoa uniti mbili tu za joto kwa kila uniti ya umeme itawatia hasara, ilhali inayotoa tatu na zaidi huanza kuwapa nafuu.

Sisi tulisubiri wiki ya baridi kali ya Januari, tukamwomba fundi ashushe maji ya boila ya zamani kutoka nyuzi 70 hadi 55. Familia tisa hazikuona tofauti yoyote. Zilizolalamika ni tatu: mbili za gorofa ya juu, ambako dari halikuwa na kizuizi cha joto, na moja iliyo juu ya ghala la chini ya ardhi. Hivyo tulibadilisha radieta nane tu, tukatandika vizuizi darini na chini ya sakafu ile, kisha fundi akarekebisha vali za radieta zote, maana zile zilizo karibu na mtambo huchukua maji mengi na kuziacha za mbali zikipoa. Nakusihi mfanye jaribio hilo kabla ya kuomba bei kwa kampuni yoyote.

Kilichotusumbua kwelikweli ni maji ya kuoga. Katika jengo kubwa lenye tangi la pamoja, maji hutakiwa kutoka tangini yakiwa na nyuzi 60 na kurudi yakiwa na nyuzi zisizopungua 55, ili legionela, bakteria wanaosababisha homa ya mapafu, wasizaliane. Pampu inayolazimika kushikilia nyuzi 60 usiku na mchana, hata wakati wa kiangazi, hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, na kampuni ya kwanza iliyotuletea mpango ilinyamaza kimya kuhusu jambo hilo. Tuliishia kufunga katika kila fleti kifaa kidogo kinachopasha maji safi pale tu bomba linapofunguliwa. Kwa kuwa mabomba kutoka hapo hadi bafuni hubeba maji yasiyofika lita 3, hakuna akiba ya maji vuguvugu inayokaa humo, na mfumo mzima unaweza kwenda kwa nyuzi 50 hivi. Kuta za mabafu zilibomolewa, na wazee wa gorofa ya pili walivumilia vumbi kwa siku nyingi, jambo lililoniumiza. Hata hivyo ningechagua njia hiyohiyo tena.

Kuhusu idhini, tangu Desemba 2020 wingi wa kawaida wa kura katika mkutano wa wamiliki unatosha. Ruzuku ya msingi ya serikali tulipoomba ilikuwa asilimia 30, na maombi hutumwa kabla kazi haijaanza. Mtambo wa nje usiwekwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu ya kelele zake.

Mwisho, mkataba utaje mita mbili, moja ya umeme wa pampu na nyingine ya joto linalotoka. Novemba mita zetu zilionyesha uniti 2.6 za joto kwa kila moja ya umeme, tukagundua kuwa fundi alikuwa ameacha mtambo kwenye nyuzi 60. Alipozishusha hadi 50 hesabu ilianza kupanda, na kufikia Machi ilikuwa 3.2.