Kabla Hujaipindua Bodi ya Gari la Zamani

Mtu akinijia na habari za kupindua bodi, yaani kuigeuza bodi tupu ili afikie chini yake, swali lake huwa ni la fremu ya kuizungushia: anunue iliyo tayari au achomelee ya kwake? Mimi huuliza kwanza habari za vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kama yameliwa na kutu, bodi hiyo haijafikia kupinduliwa, fremu iwe nzuri namna gani.

Sababu iko kwenye muundo wa gari. Land Rover za zamani zina chesisi, yaani mifupa ya chuma inayobeba gari, iliyotengana na bodi, na bodi ya Volkswagen Beetle hufunguliwa boliti ikanyanyuliwa, sakafu ikabaki chini. Hapo unageuza kila kipande kwa wakati wake bila makuu. Lakini Mini iliyotoka 1959, au MGB ya 1962, haina chesisi ya kutenganisha. Sakafu, vizingiti na lile handaki (tuta la bati) la katikati ya sakafu ndivyo vinavyobeba gari, na MGB ya wazi haina hata paa la kusaidia. Sasa fremu ya kuzungushia hukamata bodi mbele na nyuma, katikati pakaning'inia. Kizingiti kilichooza hakiwezi kazi hiyo. Bodi inalegea katikati, uwazi wa mlango unabana juu na kupanuka chini, na ukichomelea bati jipya ikiwa vile, umbo hilo baya limeshaganda. Milango haitafunga tena, upige upendavyo.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao najua si wote wanaoupenda: vizingiti na sehemu zinazoshika springi vitengenezwe kwanza, gari likiwa limesimama wima, limesawazishwa kwa pimamaji juu ya stendi imara. Kazi ya kupindua ije baadaye, kwa ajili ya sakafu, kusafisha na rangi. Ndiyo, utalala chali kwa muda. Vumilia.

Kabla ya kukata chochote, funga mihimili ya muda. Paipu za mraba zinatosha: moja kutoka nguzo ya mlango yenye bawaba hadi nguzo yenye kitasa, kila upande; nyingine ikivuka kutoka kulia kwenda kushoto; na moja ya mshazari. Mimi hupenda kuzifunga kwa boliti kwenye matundu ya mikanda ya usalama na ya bawaba, pale panapowezekana, kuliko kuzichomelea kwenye nguzo isiyo na kasoro. Zipange ili mlango uweze kurudishwa na kufungwa paipu zikiwa mahali pake, maana mlango ndio kipimo chako cha kweli. Na usichomelee paipu kwenye sakafu utakayoikata kesho. Pima mishazari ya uwazi wa milango, andika, kisha kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Kuhusu kuvua vitu, sina mengi. Injini, gia boksi, vioo, viti, betri, mafuta ya breki, vyote nje. Tangi la mafuta liondoke kabisa na mabomba yake. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa, na wewe utakuwa na cheche siku nzima.

Kuna wanaokusanya majirani, wakatandaza matairi na magodoro, wakaliangusha gari ubavu. Bodi tupu ya gari dogo tu huzidi kilo 100, haina pa kushika, na ikiteleza mguu wa mtu uko chini. Tena uzito wote unakaa kwenye ukingo wa paa, sehemu nyembamba kuliko zote. Kama nafasi ya gereji ni finyu, fremu ya kulazia ubavu inafaa zaidi: inafungwa pale magurudumu yanapokaa upande mmoja, bodi ikainuliwa kwa winchi au jeki hadi isimame kwa ubavu. Bodi inashikwa kwenye sehemu zilizozoea kubeba uzito. Kwa kuchomelea sakafu inanitosha.

Fremu ya kuzungusha kikamilifu inataka akili kwenye mizani. Katika bodi tupu uzito mwingi umelala sakafuni, hivyo kitovu cha uzito kiko chini kuliko macho yanavyodhani. Legeza pini inayozuia fremu isizunguke, inamisha kidogo huku umeshika. Bodi ikitaka kwenda yenyewe, imekaa juu mno ya mhimili wa kuzungukia, ishushe. Ikikataa na kurudi kwa nguvu, iko chini mno, ipandishe. Nataka irudi kwa upole, basi. Kabla ya hapo pima kwa kamba kutoka kwenye mhimili hadi kona iliyo mbali kuliko zote, uone kama itapita juu ya sakafu ya gereji bila kugonga. Wakati wa kuzungusha, watu wasimame mbele na nyuma, kamwe si ubavuni.

Zungusho la kwanza litamwaga mchanga, matope makavu na magamba ya kutu kutoka kwenye maboksi. Yaache yamwagike. Gonga kwa nyundo ya mpira, geuza upande wa pili, gonga tena. Lami iliyopakwa chini ya bodi ilainishe kwa hewa ya moto, ikwangue, kisha futa mabaki kwa mafuta ya taa kukiwa kumepoa na hakuna moto karibu. Brashi ya waya kwenye grinda huisambaza tu. Vaa kinyago chenye kichujio. Rangi za zamani, na hata viungo vilivyojazwa, mara nyingi vina madini ya risasi (lead).

Baada ya praima (rangi ya kwanza) na silanti (ya kuziba mishono), zibua matundu ya kutolea maji, maana silanti hupenda kuyaziba. Nta ya ndani ya maboksi ipulize bodi ikiwa bado kwenye fremu, ukigeuza taratibu ili itiririke hadi kwenye kila mshono. Ikishakauka, rudisha bodi kwenye stendi, ning'iniza milango, na mihimili ya muda itoke ukishaona inafunga.